Kichwa chako na kompyuta: nani apewe kazi gani kwenye depo

Siku hizi Lubumbashi ordinateri ya mtumba si kitu cha ajabu. Kuanzia vibanda vya soko la komini ya Kenya hadi depo za barabara ya Kasumbalesa, mwenye mali akiitaka ataipata. Kinachosumbua ni hatua ya pili: ukishaiweka mezani uipe kazi gani, na kazi gani ubaki nayo kichwani? Kuna wanaoipa kila kitu mpaka wakaacha kutazama jumla inayotoka. Kuna wanaoifunika kitambaa baada ya wiki mbili na kurudi kwenye daftari. Wote hupoteza pesa, kila mmoja kwa njia yake. Hapa tunachukua kazi moja moja ya depo au farmasi na kuuliza ubongo unaifanyaje, mashine inaifanyaje, na kila mmoja akikosea anakosea vipi. Hilo la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote, na ndilo watu wanalolisahau wakati wa kununua.

Ndani ya kila mmoja

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo 1 na gramu 300 hadi 400, na ndani yake kuna seli za neva zipatazo bilioni 86. Seli moja ikichukuliwa peke yake ni ya polepole. Hata ikikimbizwa sana haitoi zaidi ya mapigo mia kadhaa kwa sekunde, na ujumbe wake kwenye neva zenye kasi kubwa husafiri mita 120 hivi kwa sekunde. Prosesa (chombo cha kompyuta kinachohesabu) ya kawaida ya gigahezi 3 hupiga mara bilioni 3 kwa sekunde hiyo hiyo.

Ukiishia hapo utasema mashindano yamekwisha. Lakini kila seli ya neva imeungana na nyingine maelfu, na zote hufanya kazi kwa wakati mmoja. Prosesa ina mikono michache yenye kasi ya ajabu. Ubongo una mikono isiyohesabika, yote mizito. Tofauti ya pili ndiyo inayogusa biashara. Kwenye kompyuta, ghala la kumbukumbu ni chombo kimoja na prosesa ni kingine, na namba hubebwa kutoka huku kwenda kule bila kubadilika. Kwenye ubongo, panapohifadhi ndipo panapofikiri. Ndiyo maana unapokumbuka jambo unalijenga upya, na kila ujenzi unaweza kuongeza au kupunguza tofali.

Hesabu

Kwenye kasi hakuna mjadala. Faktura ya mistari 40 ambayo mtu makini ataijumlisha kwa dakika kadhaa, mashine huimaliza kabla hujainua kidole. Mpe mashine kujumlisha, kuzidisha, kugawa na asilimia zote.

Kosa lake ndilo la kuangalia. Mashine iliyotoka Dubai mara nyingi huwa imepangwa kwa Kiingereza, na kwa mpangilio huo nukta ni alama ya desimali. Tuseme kiwango cha siku ni faranga 2850 kwa dola 1. Wewe umezoea kuandika 2.850, kama tulivyofundishwa shuleni. Unazidisha dola 400 kwa 2.850, na mashine inakujibu 1 140. Haipigi kelele wala haiweki rangi nyekundu. Jibu sahihi ni faranga 1 140 000. Mama anayeuza unga angelikataa jibu la 1 140 kabla ya kumaliza kulisoma, kwa sababu kichwa chake kinajua faranga elfu moja inanunua nini. Mashine haijui pesa ni nini. Inajua alama tu.

Ukiipanga kwa Kifaransa kosa linageuka sura. Sasa 2.850 haisomwi kama namba, inachukuliwa kama maandishi, na SOMME, kanuni ya kujumlisha, inairuka kimya kimya. Dalili yake inaonekana kwa macho: kwenye Excel, programu ya majedwali, namba husimama upande wa kulia wa kisanduku na maandishi husimama upande wa kushoto. Ukiona tarakimu zimeegemea kushoto, hazijahesabiwa. Dawa ni mbili: ingia kwenye mipangilio ya Windows, sehemu ya lugha na nchi, uchague Kifaransa mara moja kwa wote wanaotumia mashine hiyo, halafu mzoee kuandika 2850 bila nukta wala nafasi. Namba za simu pia zina mtego wake. Sifuri ya mwanzo hudondoka, kwa hiyo ibadilishe safu nzima kuwa ya maandishi kabla ya kuanza kuzijaza. Ukiuza simu, fanya hivyo hivyo kwa namba za IMEI zenye tarakimu 15. Namba ikizidi tarakimu 15, Excel hugeuza za mwisho kuwa sifuri, na hutazipata tena.

Kumbukumbu

Mteja anasimama mlangoni: "Mama, nipe unga mifuko mitatu, mafuta bidoni mbili, sukari kilo tano, sabuni nne, na chumvi." Hivyo ni vitu vitano na namba nne. Pikipiki inapiga honi, mtoto anauliza kitu, na tayari sabuni zimekuwa tatu. Si uzembe. Mwaka 1956 mwanasaikolojia George Miller aliandika kwamba akili ya papo hapo hushika mambo saba hivi, na mwaka 2001 Nelson Cowan akaonyesha kwamba ukizuia ujanja wa kuyafunga katika mafungu, hubaki manne hivi. Ndiyo sababu tunataja namba ya simu kwa vipande vya mbili mbili au tatu tatu: fungu moja linakalia kiti kimoja. Oda yenye vitu zaidi ya vinne iandikwe kabla mguu haujainuka kwenda kwenye rafu.

Mashine haina viti vinne. Ukurasa mmoja wa Excel una mistari 1 048 576. Depo inayoandika mistari 200 kwa siku, kwa siku 300 za kazi, hutumia mistari elfu 60 kwa mwaka. Ukurasa huo ungeichukua zaidi ya miaka 17. Na mstari wa kwanza utakuwa vile vile kama siku ulipoandikwa.

Kwenye madeni tofauti hii huvunja urafiki. Mwaka 1885 Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyoyafanya juu ya kumbukumbu yake mwenyewe, akaonyesha kwamba sehemu kubwa ya kinachosahaulika hupotea katika saa za mwanzo, kisha upotevu unapungua kasi. Mdai na mdaiwa waliokubaliana kwa mdomo wataachana jioni wakiwa na kiasi kimoja, na baada ya miezi miwili kila mmoja atakuwa na chake, wote wakiwa waaminifu. Wahenga walishasema: mali bila daftari hupotea bila habari. Deni liingie kwenye mashine au daftari siku ile ile: jina, tarehe, kiasi, sarafu, na mteja aone kinachoandikwa. Sarafu iandikwe kwa neno. Deni la "150" bila kusema dola au faranga elfu ni ugomvi unaosubiri tarehe.

Hata hivyo kuna kumbukumbu ambayo hatushauri kuipeleka kwenye mashine peke yake: bei za bidhaa 20 zinazotoka haraka, na kiasi ambacho siku ya kawaida huingiza. Bila hizo kichwani huwezi kuona kwamba 1 140 ni upuuzi. Bei zikibadilika zisome jioni, zirudie kesho asubuhi bila kutazama karatasi, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Kurudia kwa kuachanisha siku kunashinda kusoma mara kumi kwa usiku mmoja, na usingizi unasaidia kumbukumbu kujipanga. Mfanyakazi mpya anayelala kwa muda wa saa tano tu atachukua muda mrefu zaidi kuzishika kuliko anayelala kwa muda wa saa saba au nane.

Kutambua

Hapa ubongo ulikuwa mbele kwa mbali, na katika mambo mengi bado uko mbele. Mtoto akionyeshwa punda mara mbili atamtambua punda wa tatu akiwa kwenye mvua au amefichwa nusu na ukuta. Programu iliyoshinda shindano la kutambua picha mwaka 2012 ilifundishwa kwa picha zipatazo milioni 1 na laki 2. Mashine inahitaji mifano mingi, na ikikutana na kitu kisichofanana na mifano yake hubahatisha.

Lakini msiseme jicho ni mfalme kila mahali. Chukueni noti ya dola 100. Kambisti (mbadilisha pesa) mzoefu huisugua kwa kidole gumba kwenye koti la picha, kwa sababu wino wa noti halali umeinuka juu ya karatasi. Kidole ni chombo kikali: mwaka 2013 watafiti wa Sweden walionyesha kwamba kinaweza kutofautisha uso laini na uso wenye mikunjo ya nanomita 13 tu. Karatasi bandia ya kawaida hukamatwa hapo hapo. Sasa njoo kwenye noti iliyofuliwa: mtu amechukua dola 5 halali, ameondoa wino, akachapa sura ya 100 juu yake. Karatasi ni ile ile ya pamba na kitani, na kidole kinaweza kudanganyika. Anayeikamata ni mashine yenye taa ya urujuanimno. Uzi ulio ndani ya dola 100 hung'aa waridi, wa 50 njano, wa 20 kijani, wa 5 bluu. Noti iliyoandikwa 100 ikitoa uzi wa bluu, rudisha mkono. Wakati huo huo, mashine haiwezi kukuambia kama noti yenye kichaniko kidogo ukingoni itakataliwa kesho sokoni. Hilo kambisti analijua kwa sababu anaishi na soko.

Kwenye depo za madini za Katanga mchezo ni huo huo. Mnunuzi wa siku nyingi anatazama jiwe: kijani cha malakaiti kinamwambia shaba, weusi wa heterojeniti unamwambia kobalti. Jicho lake linajua aina. Haliwezi kujua asilimia. Malakaiti safi ina shaba asilimia 57 hivi, lakini gunia halina malakaiti safi, lina udongo na mawe, na rangi kidogo ya kijani huweza kupaka jiwe lisilo na kitu ndani. Asilimia inatolewa na mashine ya mkononi ya miale ya eksi, ile watu wanayoiita Metorex. Nayo ina ugonjwa wake: husoma tabaka la juu tu, chini ya milimita moja, na unyevu hushusha namba. Ukiielekeza kwenye jiwe moja zuri unapima jiwe hilo, hujapima gunia. Sampuli isagwe, ikaushwe, ichanganywe. Irundikwe kama kichuguu, ibapwe, igawanywe robo nne, robo mbili zinazotazamana zibaki na nyingine ziondolewe. Rudia hadi ibaki ndogo, kisha pima mara tatu. Mashine inasema namba. Macho yako yanalinda gunia lisibadilishwe kati ya kupima na kulipa. Ukifumba moja kati ya hayo mawili, mchimbaji au wewe, mmoja ataibiwa.

Makosa yana tabia

Kosa la kichwa huja moja moja na huongezeka na uchovu. Utafiti wa Dawson na Reid wa mwaka 1997 ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi kama mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Aliyeamka saa kumi alfajiri kuwahi kamiyo anafikia hapo saa tatu usiku, na wengi hufunga hesabu saa hiyo hiyo. Funga hesabu mapema, au iache ya asubuhi.

Kosa moja linalojirudia kwa mtu aliyechoka ni kugeuza tarakimu: 54 000 inaandikwa 45 000. Lina alama ya vidole vyake. Pesa iliyopungua au kuzidi ikigawanyika kwa 9 bila kubaki, anza kutafuta tarakimu zilizogeuzwa. Hapa 54 000 ukitoa 45 000 ni 9 000. Hila hii ya wahasibu wa kale huokoa saa nzima.

Kosa la mashine haliji moja moja. Kanuni moja mbovu ukiiburuta chini inaharibu mistari 500, yote kwa usafi na herufi nzuri. Linalotokea mara nyingi zaidi: SOMME imeishia mstari wa 40, siku imekuwa na mauzo 46, na sita za mwisho haziko kwenye jumla. Kwa hiyo hesabu idadi ya bon za karatasi na idadi ya mistari kabla ya kutazama pesa. Tarehe nazo: kwenye mpangilio wa Marekani, 05/08 ni tarehe 8 mwezi wa tano. Kwenye farmasi hiyo ni karibu miezi mitatu ya tofauti. Andika mwezi kwa jina.

Lugha na watu

Kompyuta ilimshinda bingwa wa dunia wa chesi, Garry Kasparov, mwaka 1997, na mwaka 2016 programu ya AlphaGo ikamshinda Lee Sedol kwenye mchezo wa Go michezo 4 kwa 1. Michezo hiyo ina sheria zilizoandikwa. Mteja anayesema "nitaleta kesho" hana. Sauti yake, namna anavyotazama pembeni, habari kwamba dada yake alizikwa juzi: ubongo unazijumlisha bila kuombwa.

Programu za kisasa za kujibu maswali zinaandika Kiswahili kizuri, kwa sababu zimesoma maandishi mengi sana ya Kiswahili cha vitabu na magazeti. Kiswahili chetu cha Lubumbashi, cha *batu* na *bintu*, chenye Kifaransa katikati ya kila sentensi, hakijaandikwa sana, na hapo huteleza. Zitumie kuandika barua ya kuomba kazi au kusahihisha tangazo. Usizitumie kuamua dozi. Zinatabiri neno linalofaa kufuata, na jibu la uongo hutoka kwa sauti ile ile ya jibu la kweli. Chukua dawa ya malaria ya artemeta na lumefantrini: mtoto wa kilo 14 hupewa kidonge 1 kila mara na wa kilo 15 hupewa 2, jumla mara sita ndani ya siku tatu. Jedwali hilo lichukuliwe kwenye karatasi ya dawa yenyewe, na mtoto apimwe bila viatu na bila koti zito.

Chakula na umeme

Ubongo hutumia wati 20 hivi, mchana na usiku. Kwa saa 24 ni kama kalori 410, karibu na zilizo kwenye gramu 115 za unga wa mahindi. Huo ndio bukari (ugali) ambao ubongo unaudai kabla misuli haijapata kitu. Ukikosa damu kwa sekunde kumi hivi, mtu huzimia. Lakini SNEL, shirika la umeme, ikikata, unaendelea.

Kompyuta ya mezani na skrini yake hula wati 120 hadi 200. Laptopu hula 30 hadi 60. Kwa mji wa umeme unaokatika, tunasema bila kusita: nunua laptopu, hata kama ya mezani ni bei nafuu. Betri yake inakupa muda wa kuhifadhi kazi. Ya mezani inazima na kilichokuwa kwenye memori kinapotea, na diski inaweza kuumia. Laptopu ya wati 45 kwa saa 8 inataka wati-saa 360. Paneli ya wati 100 kwenye jua la saa nne hadi tano kali itaitoa kwa shida, maana onduleri hula sehemu yake. Weka paneli ya 150. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 ihesabu kwa nusu tu, wati-saa 600, la sivyo itakufa mapema. Msimu wa mvua ngurumo zikianza, chomoa chaja ukutani. Msimu wa kiangazi fungua feni na kutoa vumbi, kwa sababu prosesa yenye joto hujipunguzia kasi na watu hudhani ni virusi.

Kwa nani

Ukiuza chini ya mara 30 kwa siku na wadeni wako hawafiki 20, daftari, kalamu na kikokotoo vinatosha. Pesa ya mashine iongeze kwenye stoki. Ukipita mistari 50 kwa siku, au bidhaa 300, kichwa kimeshazidiwa na hasara yake huioni. Katikati ya hapo, anza na madeni na stoki, mauzo yabaki kwenye daftari hadi mkono uzoee. Na kama mwenye depo ni mzee anayejua peke yake nani anadaiwa nini, anza leo kwa idadi yoyote. Ubongo hauna nakala.

Kompyuta inayo, ukiifanya. Weka nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae nje ya nyumba hiyo. Flashi inayoingia kwenye saiba usiifanye nakala, itarudi na virusi. Jumamosi moja kila mwezi, chukua nakala ya nje, ifungue kwenye mashine nyingine, na utafute deni la mteja mmoja unayemkumbuka vizuri. Kiasi kikilingana na kilicho kichwani na kwenye daftari, nakala ni nzima. Faili likikataa kufunguka, tengeneza nakala mpya jioni hiyo hiyo, wakati diski ya dukani bado inazunguka.